Kung'arisha au Kuhifadhi: Mwongozo Kamili wa Kuamua Hatima ya Wembe wa Kukunja wa Zamani

Wembe wa kukunja uliofuliwa Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani, miaka mia moja iliyopita hufika mikononi mwa mmiliki mpya ukiwa umeshabadilika rangi. Pengine ubapa umekuwa wa kijivu, pengine una madoa meusi karibu na mgongo, pengine kutu nyekundu imeushika pale unapolala ndani ya mpini. Tamaa ya kwanza ya karibu kila mtu ni kuuona uking'aa. Mwongozo huu unamwomba asubiri kidogo kabla hajashika msasa, kwa sababu kung'arisha ni kupunguza feleji, na feleji iliyopunguzwa hairudishwi. Kutu inaweza kusimamishwa leo na ubapa ukang'arishwa mwakani, lakini aliyeanza kwa kung'arisha hana njia ya kurudi nyuma.

Inafaa niseme msimamo wangu mapema. Kila wembe wa zamani unastahili kusafishwa, na kutu iliyo hai ni lazima izimwe. Hilo halina mjadala. Kinachohitaji kuamuliwa ni kama baada ya usafi huo kuna sababu ya kuendelea, na kama ipo, kuendelea hadi wapi. Wembe hunyoa kwa ukingo ambao hata milimita moja haufiki, na sehemu iliyobaki ya ubapa, hata iking'aa kama kioo, haiongezi chochote katika kukata unywele. Kwa hiyo anayetaka kunyoa anahitaji makali mazima, na anayetaka kumbukumbu anahitaji alama na nakshi zilizo salama, na mara nyingi wote wawili hawana haja ya mng'aro mkubwa.

Nitatumia majina yafuatayo. Ubapa ni bamba lenyewe la feleji, lenye makali upande mmoja na mgongo mnene upande wa pili. Shina ni sehemu nene iliyo kati ya ubapa na ribiti (kijiti cha chuma kinachoushika wembe kwenye mpini), ambayo kwa kawaida hubeba muhuri wa kiwanda. Mkia ni ule unaobaki nje wembe unapokunjwa. Mpini ni vile vibapa viwili vya pembe, mfupa, mpingo au plastiki vinavyoupokea ubapa katikati yake.

Kabla ya kugusa chochote

Andaa lenzi ya kukuza mara 10, taa unayoweza kuisogeza, rula yenye milimita, mafuta ya cherehani, vitambaa laini vya pamba, vijiti vya meno na poda nyeupe ya kawaida ya kujipaka mwilini. Msasa usiwe mezani kabisa katika hatua hii.

Piga picha za pande zote mbili za ubapa, za shina, za mgongo na za ribiti, ukiuweka mwanga ubavuni ili alama hafifu zitupe vivuli. Picha hizi zitakuwa kumbukumbu pekee ya hali ya mwanzo iwapo baadaye utaamua kuondoa chochote, na zinamfaa pia fundi utakayemwomba ushauri.

Ikiwa wembe umeganda na haufunguki, usiulazimishe. Tia tone moja la mafuta ya cherehani pande zote za ribiti, uache usiku kucha, kisha jaribu kwa kushika mkia na kuusukuma taratibu. Pembe iliyokauka kwa miaka mingi hupasuka kutoka kwenye tundu la ribiti, na ufa ukishaanza hapo hauna tiba nzuri. Ukishafunguka, futa ubapa peke yake kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, kwa kuwa hujui ulipita kwenye ngozi za nani. Spiriti isifike kwenye mpini, maana huharibu baadhi ya plastiki za zamani, na kuuchemsha wembe mzima ni kosa litakaloupinda mpini wa pembe. Kinyozi anayefikiria kuutumia wembe wa namna hii kwa wateja aache wazo hilo kabisa: mpini wenye ribiti na nyufa hauwezi kutakaswa kwa kiwango kinachowakinga wateja dhidi ya hepatitisi B na virusi vya UKIMWI. Huu ni wembe wa mtu mmoja.

Soma shina

Uamuzi wa kung'arisha hutegemea sana ni kitu gani hasa kilichopo mezani, na maelezo mengi yamo katika eneo dogo la shina. Neno Sheffield pekee halitoshi kuonyesha umri, kwa sababu mji huo ulikuwa ukitengeneza visu na nyembe kwa karne nyingi, na ubora wa nyembe zake ulipanda baada ya Benjamin Huntsman kufanikiwa kuyeyusha feleji katika vyungu vya udongo miaka ya 1740. Tafuta taji lenye herufi pembeni yake. G R kwa kawaida huashiria enzi ya wafalme wanne wa kwanza walioitwa George, iliyokwisha mwaka 1830, W R ni ya William wa Nne, yaani 1830 hadi 1837, na V R ni ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Neno ENGLAND au GERMANY likiwepo, kwa kawaida wembe ni wa baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyotaka bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe nchi zilikotoka. Nyota na msalaba wa Malta ni alama ya kampuni ya Joseph Rodgers ya Sheffield, iliyosajiliwa mwaka 1682, na I*XL ni ya kampuni ya George Wostenholm ya mji huo huo. Jina la Solingen kwa upande wake lililindwa kwa sheria ya Ujerumani mwaka 1938.

Ukikuta maneno ya Kiingereza yenye maana ya "feleji ya fedha", usidhani umepata madini ya thamani. Mwanasayansi Michael Faraday na fundi wa visu James Stodart walifanya majaribio ya kuchanganya feleji na metali nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1820, na kiasi cha fedha walichopendekeza kilikuwa sehemu moja tu kati ya 500.

Umbo nalo linasema. Nyembe za zamani zaidi za Sheffield ni nene na pande zake ni karibu tambarare. Ubapa uliochimbwa ndani kwa jiwe la duara hadi ukawa mwembamba sana ulienea katika sehemu ya mwisho ya karne ya 19, na mafundi wa Solingen ndio waliousukuma mbele. Tofauti hii ina uzito wa moja kwa moja katika uamuzi wako: ubapa mnene unaweza kustahimili kusuguliwa kidogo, ilhali ule uliochimbwa sana una unene wa chini ya nusu milimita nyuma ya makali, na kila unachoondoa pale kinaonekana.

Tazama kwa lenzi kama ubapa una maandishi au picha zilizochorwa kwa asidi, na kama ndani ya mistari hiyo kuna mabaki ya rangi ya dhahabu. Mchoro wa asidi una kina kidogo mno, na dhahabu iliyopakwa juu yake ni utando ambao hata kitambaa chenye dawa ya kung'arishia huweza kuuondoa. Ukiona kimojawapo, upande huo wa ubapa haung'arishwi, na mjadala wake umefungwa.

Makali ndiyo yanayoamua

Watu wengi huanza kwa kuangalia ubapa kwa sababu ndio unaoonekana. Mimi ninashauri uanze na makali, kwa kuwa jibu lake linaweza kukuokoa kazi yote inayofuata. Shika wembe chini ya taa, makali yakikuelekea, usogeze taa polepole. Makali mazima hayarudishi mwanga. Sehemu iliyokatika au kufubaa hutoa nukta ndogo inayometameta. Kisha tumia lenzi kutafuta vishimo vya kutu vilivyo ndani ya milimita mbili kutoka ukingoni. Kishimo kilicho katikati ya ubapa ni kovu tu. Kishimo hicho hicho kikiwa ukingoni kitakuwa pengo siku jiwe la kunolea litakapokifikia, na pengo hilo litakwaruza ngozi.

Baada ya vishimo, tafuta ufa. Paka mafuta mepesi pande zote mbili za ubapa, subiri kama dakika ishirini, yafute hadi ubapa uwe mkavu kabisa, kisha nyunyiza poda nyeupe kidogo na uipulize ibaki tabaka jembamba sana. Uache wembe juu ya meza bila kuugusa. Palipo na ufa, mafuta yaliyoingia ndani huanza kurudi nje na kuilowesha poda, na utaona mstari mwembamba wa kijivu ukijichora, mara nyingi kuanzia kwenye makali karibu na kisigino (pembe ya makali iliyo upande wa shina) na kupanda kuelekea mgongoni. Mstari huo ukitokea, usinoe, usinyoe na usisugue, kwa sababu shinikizo lolote linaweza kuuvunja ubapa mikononi mwako. Wembe wenye ufa ni wa kuhifadhiwa tu.

Pima pia mgongo. Wembe unaponolewa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya jiwe, na mgongo ndio unaoweka pembe ya makali. Chukua ubapa wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5: pembe ya makali yake ni takriban digrii 16. Ukisugua mgongo huo hadi ubaki milimita 4, pembe inashuka hadi karibu digrii 14, na makali ya wembamba huo huwa dhaifu na hukatika upesi. Ndiyo maana nasema kwa mkazo kwamba mgongo hausuguliwi kwa msasa hata kama ubapa wote umeamuliwa kung'arishwa. Ukiona mgongo tayari una mikanda mipana, tambarare, isiyolingana pande mbili, ujue waliotangulia waliunoa kupita kiasi, na nafasi ya kuurekebisha imekuwa finyu.

Kutu hai na rangi ya umri

Rangi nyeusi, kahawia au kijivu iliyoenea kwa usawa na kushikamana na feleji ni tabaka tulivu. Haiendelei kula, na kwa kiasi fulani inaulinda ubapa. Kutu nyekundu au ya machungwa, yenye unga, ni jambo tofauti: hunyonya unyevu, huutunza na kuendelea kuchimba. Kuzitofautisha ni rahisi. Futa kwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Kitambaa kikitoka na wekundu, kutu ni hai, na kikitoka kisafi au na weusi hafifu tu, umegusa rangi ya umri. Vipo pia vidoa vyeusi vidogo vyenye mdomo mwembamba na tumbo pana chini yake. Vidoa hivyo huwadanganya wengi, maana kadiri unavyosugua kuvifikia ndivyo vinavyopanuka.

Hapa ndipo pana jambo linalokwenda kinyume na mazoea. Kutu nyingi huonekana kuwa sababu ya kung'arisha, ilhali mara nyingi ni sababu ya kutong'arisha. Ili vishimo vifutike ni lazima uso wote wa ubapa ushushwe hadi kwenye sakafu ya kishimo kirefu kuliko vyote, na kabla ya kufika huko muhuri umeshapotea, kingo zimeviringika na ubapa umekuwa mwembamba. Anayefaidika na kung'arisha ni wembe wenye kutu chache za juujuu, si ule ulioliwa.

Mpini: sheria na hatari iliyojificha

Tambua mpini umetengenezwa kwa nini kabla ya kuamua lolote. Pembe ya ng'ombe au nyati huonyesha mishipa mirefu na hupitisha mwanga kidogo kingoni. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi, ambavyo ni mifereji ya damu ya zamani. Pembe za ndovu hazina vidoa hivyo, na kwenye uso uliokatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana. Plastiki ya kuigiza pembe za ndovu ina mistari iliyonyooka na kulingana mno. Mpini wenye mawingu ya njano na kahawia unaweza kuwa gamba la ng'amba, au pembe iliyotiwa rangi ili ifanane nalo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la nadharia. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu zilizosafirishwa kwenda Ulaya, Marekani na Bara Hindi, na mafundi wa Sheffield walikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa pembe hizo. Leo ng'amba na ndovu wamo katika ulinzi mkali wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na uamuzi wa kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ulipitishwa mwaka 1989. Kenya kupitia sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania kupitia ile ya mwaka 2009, zinakataza kumiliki nyara (sehemu za wanyamapori) bila kibali, na Uingereza ina sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa 2022, inayozuia kuuza bidhaa za pembe za ndovu isipokuwa kwa misamaha michache. Usiagize, usitume wala usisafiri na wembe wa mpini huo kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako.

Hatari iliyojificha ni seluloidi, plastiki iliyotumika sana kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Inapozeeka huweza kuanza kuoza kutoka ndani na kutoa mvuke wa asidi ya nitriki, na mvuke huo huushika ubapa uliokunjwa. Dalili zake ni nyufa ndogondogo nyingi, harufu kali, rangi ya kijani kwenye ribiti za shaba, na kutu iliyopanga mstari kamili pale ubapa unapolala ndani ya mpini. Ukiona hali hiyo, hakuna kung'arisha kutakakosaidia, kwa sababu chanzo kiko palepale na ubapa utarudi kuwa mwekundu baada ya muda mfupi. Tenganisha ubapa na mpini, au mpe fundi atoe ribiti, na uweke mpini mbali na nyembe nyingine. Usijaribu kuutambua kwa sindano ya moto, kwani seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha.

Kufikia uamuzi

Sasa majibu yapo. Uliza kwa mpangilio huu, na usimame penye jibu la kwanza linalokuzuia. Je, kuna ufa? Hifadhi. Je, kuna vishimo kwenye ukingo ambavyo kunoa kwa kawaida hakutavipita? Wembe hautanyoa vizuri, hivyo sababu kubwa ya kuufanyia kazi imeondoka, hifadhi. Je, kuna mchoro wa asidi, dhahabu, muhuri hafifu au jina la mmiliki lililochongwa? Hifadhi sehemu hizo kwa gharama yoyote, hata kama mahali pengine patasuguliwa kidogo. Je, wembe ni wa kabla ya miaka ya 1850, au ni wa mtu wa ukoo wenu? Hifadhi. Ukivuka maswali yote hayo, na wembe ni wa kawaida, makali ni mazima, kutu ni ya juujuu, na nia yako ni kunyoa nao kila asubuhi, basi una ruhusa ya kung'arisha kwa kiasi.

Tuchukue nyembe mbili. Wa kwanza ni Wade & Butcher wa Sheffield, mpana, mnene, mpini wa pembe nyeusi, ubapa wa kahawia iliyokolea isiyotoa wekundu kwenye kitambaa, na makali yasiyo na vishimo. Huu unoe makali yake tu. Mstari mwembamba mpya utakaotokea ukingoni utang'aa dhidi ya kahawia ya ubapa, utanyoa vizuri, na kila alama ya fundi itabaki mahali pake. Wa pili ni wembe wa Solingen wa miaka ya 1950, wenye ubapa wa upana wa inchi tano za nane, mpini wa plastiki ngumu iliyo timamu, usio na mchoro, wenye madoadoa mekundu ya miaka michache. Huu unaweza kusuguliwa kwa mkono hadi madoa yaondoke bila hasara yoyote ya maana.

Hoja moja ya upande wa pili inastahili heshima: nyembe nyingi za Sheffield zilitoka kiwandani ziking'aa, kwa kuwa mafundi walizimalizia kwa unga mwekundu laini wa oksidi ya chuma. Ni kweli. Hata hivyo fundi yule aling'arisha ubapa wenye unene kamili, na kingo za shina na bega zilibaki kali. Anayeng'arisha leo anaanzia kwenye feleji iliyokwisha kupungua, na matokeo ya kawaida ni mng'aro uliopo pamoja na kingo zilizoviringika na muhuri uliofifia, ambavyo mkusanyaji mwenye jicho huvitambua mara moja.

Namna ya kuhifadhi

Zima kutu hai kwa mafuta na subira. Paka mafuta ya cherehani mahali penye wekundu, acha saa kadhaa au usiku mzima, kisha kwangua kwa kijiti cha meno au kwa kipande chembamba cha shaba ya manjano, ambayo ni laini kuliko feleji na haitaikwaruza. Futa, paka tena, rudia. Kazi hii huenda polepole, na upole huo ndio faida yake. Ndimu, siki na ukwaju, ambavyo vimesafisha vyombo vya shaba katika nyumba za pwani kwa vizazi vingi, havifai hapa: asidi yake hula feleji na kuongeza kina cha vishimo. Stiliwaya ya kusugulia sufuria nayo ni kali mno na huacha mikwaruzo isiyofutika. Dawa za kuloweka zinazoyeyusha kutu bila asidi kali zinafanya kazi, ila huondoa pia rangi ya umri na kuacha kijivu kisicho na uhai, kwa hiyo zitumie kwa ubapa uliotengwa na mpini na pale tu mafuta yameshindwa.

Kitambaa kikiacha kutoka na wekundu, futa mafuta yote na upake tabaka jembamba la nta ya vijiumbefuwele, ile inayotumiwa na makumbusho. Maarufu zaidi ni Renaissance Wax, iliyobuniwa katika maabara ya British Museum. Sugua kwa kitambaa kikavu. Mpini wa pembe upake mafuta ya miguu ya ng'ombe, kidogo sana, na uyafute baada ya siku moja.

Ukitaka kuunoa wembe uliohifadhiwa, bandika tepu ya umeme, tabaka moja, juu ya mgongo kabla ya kuulaza kwenye jiwe. Mgongo hautaguswa, na pembe itaongezeka kwa kiasi kidogo kisichodhuru.

Namna ya kung'arisha, ikiwa umeamua

Kazi yote ifanywe kwa mkono. Mashine ya kung'arishia ina hatari mbili, na kila moja inatosha kuikataa. Gurudumu likidaka makali, wembe hurushwa kwa nguvu kuelekea mwilini mwako. Na feleji ya wembe huanza kupoteza ugumu wake ikivuka takriban nyuzi 200 za Selsiasi, joto ambalo ukingo mwembamba hulifikia kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya majani makavu au ya bluu karibu na makali, ugumu umeshaondoka, na kuurudisha kunahitaji ubapa upashwe moto na kugumishwa upya.

Funika makali kwa tepu ya umeme. Laza ubapa juu ya kipande cha mbao tambarare ili usipinde, mpini ukiwa wazi kabisa upande wa nyuma. Funika muhuri na mchoro kwa tepu nyingine. Anza na msasa wa maji ulio laini kuliko wote ulio nao, namba 2000, uliozungushiwa kipande cha kizibo na kuloweshwa mafuta, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea makali na kamwe si kuelekea vidole vinavyoshika. Namba 2000 ikiondoa madoa, umemaliza, usishuke. Ikishindwa, shuka hadi 1500, kisha 1000, na baada ya hapo panda tena kwa mpangilio, ukifuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia kabla ya kwenda inayofuata. Kwa ubapa uliochimbwa sana sishauri kwenda chini ya 1000 hata kidogo. Wanaoanza na 400 ili wamalize haraka hutumia saa nyingi zaidi kufuta mikwaruzo yao wenyewe, na feleji inayoishia kwenye kitambaa ni nyingi.

Amua mapema mahali pa kusimama. Mimi husimama wekundu unapokwisha na uso unapokuwa laini kwa kidole, hata kama vivuli vya kijivu na vidoa vyeusi vichache vimebaki. Dawa ya kung'arishia metali ipakwe mwisho, kidogo, kwa kitambaa, mbali na ribiti na mbali na dhahabu. Toa tepu ya makali kwa kuivuta kutoka mgongoni, osha ubapa kwa sabuni na maji ya vuguvugu bila kuulowesha mpini, ukaushe papo hapo, kisha upake mafuta kabla hujaondoka mezani, kwa sababu feleji iliyosuguliwa upya ndiyo inayoshika kutu upesi kuliko zote.

Baada ya uamuzi

Anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat ana hewa yenye unyevu na chumvi, na wembe ulioachwa bila mafuta huanza kuonyesha madoa ndani ya siku chache. Tumia mafuta ya cherehani au mafuta mengine ya madini. Mafuta ya nazi yasitumike, maana huchacha, hunata, na asidi zake hugeuza ribiti za shaba kuwa za kijani. Wembe ukae kwenye chombo chenye vifuko vya kunyonya unyevu. Boksi lake la asili la karatasi ngumu au ngozi litunzwe, ila kando, kwa kuwa karatasi na ngozi hushika unyevu na kuupeleka kwenye feleji.

Andika kwenye karatasi tarehe, hali uliyoukuta nayo wembe, ulichokipaka na namba ya msasa kama ulitumika, na uiweke pamoja na picha za mwanzo. Kisha rudi baada ya wiki mbili na kitambaa cheupe chenye mafuta. Wekundu ukitokea palepale ulipokuwapo, kuna kutu iliyobaki ndani ya kishimo na inahitaji kijiti na mafuta kwa mara nyingine. Ukitokea kwa mstari ulionyooka unaofuata ukingo wa mpini, mtuhumiwa ni mpini, na ubapa utolewe humo siku hiyo hiyo.